Mateka wa Norrmalmstorg

Asubuhi ya tarehe 23 Agosti 1973, Jan-Erik Olsson, mfungwa aliyepewa ruhusa ya muda kutoka gerezani naye asirejee, aliingia katika Kreditbanken, kwenye uwanja wa Norrmalmstorg mjini Stockholm, akafyatua risasi darini, na baada ya kuwashika mateka akadai krona milioni 3 pamoja na kuletewa Clark Olofsson, mnyang'anyi wa mabenki aliyekuwa kifungoni. Serikali ya Uswidi ikamleta Olofsson. Lakini idhini ya kuondoka na mateka wanne, wanawake watatu na mwanamume mmoja, ikakataliwa.

Yaliyopita katika chumba cha hazina cha benki hiyo, walimoshikiliwa mateka hao, ndiyo yaliyowastaajabisha walimwengu. Mwanamke mmoja, aliyeelemewa na dhiki ya kufungiwa, aliruhusiwa kutoka kunyoosha miguu hali ana kamba shingoni, naye akaihesabu ruhusa ile kuwa ihsani. Mwanamume aliambiwa kwamba angepigwa risasi ya mguu tu, ili polisi wajue kuwa hapana mzaha, akamwona Olsson mwema kwa kuwa hakukusudia kumwua. Msomaji asiharakishe kucheka: aliyenyang'anywa hiari ya kula, kulala na hata kwenda msalani hupokea kila kidogo arudishiwacho kama tunu, wala hana wa kumshukuru ila yule yule aliyemnyang'anya.

Shukrani, hata hivyo, haielezi yote. Kristin Enmark, mmoja wa mateka, alizungumza kwa simu na Waziri Mkuu Olof Palme, akamsihi awaache waondoke pamoja na wanyang'anyi, kwani aliowahofu zaidi ni polisi. Je, alirukwa na akili? Mimi sioni hivyo. Polisi ndio walioufunga mlango wa chumba kile mateka wakiwa ndani, kisha wakatoboa dari kwa kekee wapate kupitisha gesi. Na Olsson, kwa ukatili usiofaa kusahauliwa, akawavisha mateka vitanzi, ili gesi ikiwaangusha wanyongwe. Katika hali hiyo, kumwomba aliye nje asubiri na kumridhisha aliye ndani ilikuwa hesabu ya mtu mwenye akili timamu, ijapokuwa hesabu hiyo ilichanganyika na huruma ya kweli.

Gesi ikaingia tarehe 28, wanyang'anyi wakasalimu amri, na mateka wakakataa kutangulia kutoka, wakichelea kwamba hao wawili wangeuawa. Wakaagana nao mlangoni kwa kukumbatiana. Nils Bejerot, tabibu wa maradhi ya akili aliyekuwa mshauri wa polisi katika mkasa ule, ndiye aliyeyapa mapenzi hayo jina la ugonjwa, ambalo baadaye lilinasibishwa na mji wa Stockholm. Ni ajabu kwangu kwamba hukumu juu ya mwanamke aliyewalaumu polisi ilitoka kwa mshauri wao, ikapokewa duniani kote pasipo mjadala mkubwa, hali Enmark mwenyewe, kwa miaka mingi, aliikana, akishikilia kuwa alilotenda alilitenda apate kuishi.