Neno la leo: Genge

Genge ni kundi la watu wafanyao kazi pamoja. Genge pia ni mahali panapouzwa vyakula. Kahe, njiapanda ya reli za Tanga, Moshi na Voi, inazijua maana zote mbili: genge la reli na genge la nyanya, ndizi na dagaa.

Sheria ya Mipangomiji ya Tanzania ya mwaka 2007 inataka kibali kabla ya kubadili matumizi ya kiwanja. Kwa hiyo genge la vyakula la barazani, katika eneo la makazi, hukosa ulinzi wa sheria lisipokuwa na kibali. Kando ya barabara nako si salama: mwaka 2021 machinga, yaani wachuuzi wadogo wa mijini, walihamishwa kutoka huko.

Maafisa mipangomiji, mnapochora ramani za vitongoji, litengeeni genge nafasi karibu na wateja wake.