Nguvu ya Lori na Ulaji wa Mafuta: Historia ya Maneno Mawili

Miono iko kwenye barabara itokayo Mandera kwenda Saadani. Katika karne ya 19 Saadani, kama Bagamoyo, ilikuwa bandari ya misafara, na uwezo wa usafiri ulipimwa kwa bega la mpagazi. Mzigo wake ulikuwa yapata frasila 2, yaani kilo 32 hivi, na msafara haukwenda bila posho. Lori la tani 7 huchukua mizigo ya wapagazi zaidi ya 200. Hata hivyo, lugha ilipolipokea lori, ililisema kwa maneno yale yale ya mwili wa binadamu: lori lina nguvu, na lori linakula mafuta. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi neno la pili lilivyoutosha wajibu wake, na kwa nini la kwanza linahitaji msaada.

Injini ya dizeli ilitokana na hataza ya Rudolf Diesel ya mwaka 1892, na iliyofanya kazi barabara ilijaribiwa Augsburg mwaka 1897. Katika nchi yetu umuhimu wake ulidhihirika hasa baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwezi Novemba 1965. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya usafirishaji ya Zambia na Tanzania, na malori ya Fiat yakapeleka mafuta Zambia na kurudi na shaba, kabla ya bomba la TAZAMA kufunguliwa mwaka 1968. Lori lililobeba mafuta lilikuwa likila mafuta njia nzima. Kisha, kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974, bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda karibu mara nne. Tangu hapo swali la ulaji likawa zito sawa na swali la nguvu.

Mwenye lori atakaye kuliboresha ana njia kadhaa, na hapo ndipo istilahi inapopimwa. Njia ya kwanza ni kuifungua pampu ya nozeli ili ipeleke dizeli nyingi zaidi. Nguvu huongezeka kidogo, lakini hewa isipotosha, dizeli haiungui yote: moshi mweusi hutoka, joto hupanda, na pistoni zaweza kuungua. Njia ya pili ni tabo, chombo kilichotokana na hataza ya Alfred Büchi wa Uswisi ya mwaka 1905. Moshi wa ekzosi huzungusha feni, nayo feni husukuma hewa nyingi kwenye silinda, hivyo dizeli zaidi huungua vizuri. Njia ya tatu ni kubadili meno ya difu. Injini ikizunguka taratibu zaidi kwa mwendo ule ule, mafuta huweza kupungua kwenye tambarare, lakini mlimani lori hulemewa.

Mfasiri akiandika kwamba njia zote tatu zinahusu “nguvu”, amemnyima msomaji jambo analolilipia. Difu haiongezi hata chembe ya nguvu ya injini. Inabadili kani inayozungusha magurudumu. Fundi wa gereji hutenganisha mambo haya anaposema kwamba gari “linavuta lakini halina mbio”. Vitabu vya sayansi navyo vimekwisha kutupa kani, kazi, nishati na nguvu, kila neno na maana yake.

Kwa hiyo yafaa tufuate mgawanyo huu. Nguvu ibaki kuwa kiasi cha kazi kinachofanywa kwa muda fulani, ipimwe kwa wati au nguvu farasi. Kani ya kuzungusha itumike kwa mvuto wa magurudumu mlimani. Ufanisi uwe sehemu ya nishati ya mafuta inayogeuka kuwa kazi. Ulaji wa mafuta usifukuzwe kwa kuwa ni neno la barabarani: unapimika kwa lita kwa kilomita 100, na kila dereva anauelewa. Mtumishi anayeandika hati ya zabuni ya matengenezo akiyatumia maneno haya manne kwa maana zake, fundi atajua ameagizwa nini, na serikali itajua imelipia nini.