Chuma Kilichoingia Mfukoni

Wahenga walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwasifu wenye nguvu, ilhali yenyewe haikutaja upanga wala mkuki. Imetaja kisu, chombo cha kukatia chakula. Historia ya Songea imesimuliwa sana kwa mkuki, na kwa haki. Lau ingesimuliwa pia kwa kisu kidogo, hasa kile cha kukunja kikaacho mfukoni, ingeonekana sura nyingine ya watu walewale.

Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba. Baada ya kiongozi huyo kufariki Ufipa, baadhi ya makundi yake yalielekea mashariki ya Ziwa Nyasa, na katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Ruvuma zikasimama himaya mbili, Njelu na Mshope. Silaha yao iliyotisha ilikuwa mkuki mfupi wa kuchomea, uliokwenda pamoja na rungu na ngao ya ngozi ya ng'ombe. Lakini vita si kazi ya kila siku. Shamba lilitaka jembe na jiko lilitaka kisu, na katika milima jirani ya Ludewa walikuwako Wapangwa, mabingwa wa kuyeyusha chuma. Hivyo tangu mwanzo chuma kilikuwa na njia mbili, moja ya kutawala na nyingine ya kulisha.

Mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma Songea. Mwaka huohuo, huko Uswisi, fundi Karl Elsener aliandikisha rasmi kisu cha kukunja cha maofisa, chenye makali zaidi ya moja na parafujo ya kuzibulia chupa. Tayari tangu 1891 alikuwa akiwauzia askari wa nchi yake kisu cha kufungulia makopo ya chakula na kufungulia bunduki wakati wa kuisafisha. Matukio haya mawili hayakuhusiana. Hata hivyo yanafaa kuwekwa pamoja, kwani yanaonesha nyuso mbili za Ulaya ya wakati ule: boma lilikuja kuwapokonya watu chuma chao, na viwanda vikaja kuwauzia chuma kingine.

Upokonyaji ulitimia katika vita vya Maji Maji. Wangoni waliingia vitani mwaka 1905, na mwaka 1906 viongozi wao wengi walinyongwa Songea, akiwamo Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake. Waliosalimu amri walidaiwa silaha zao. Mashamba na maghala yalichomwa moto, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Mkuki ulitoka mikononi mwa watu, nao haukurudi tena kuwa alama ya dola.

Katika miaka hiyohiyo kulikuwa na wageni wengine waliokuja na desturi yao juu ya kisu. Watawa Wabenedikto walifungua misheni ya Peramiho, magharibi ya mji wa Songea, mwaka 1898; ikachomwa katika vita vya 1905, kisha ikajengwa upya. Kanuni yao, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, inamtaka abati ampe kila mtawa vitu vya lazima, na miongoni mwavyo ni kisu, sindano na kitambaa cha mkono, ili asipate udhuru wa kudai chochote kuwa chake. Kanuni hiyohiyo inawaagiza watawa walale wamevaa mishipi yao, ila visu wavivue, wasije wakajijeruhi usingizini. Hekima yake ni ndogo na timamu. Kisu ni haki ya mtu afanyaye kazi, lakini kina saa yake ya kuwekwa kando.

Kisu cha kukunja kilihitaji mshirika, naye ni mfuko wa nguo. Kisu cha kawaida hutaka ala na mshipi. Hiki ala yake ni mpini wake. Kwa hiyo kiliwafaa sana watu waliovaa kaptura na suruali za kazi ya mshahara. Katika utawala wa Waingereza, Songea ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizotoa vibarua wengi wa mashamba ya mkonge, nao wakaitwa manamba. Huko walikata majani ya mkonge kwa kisu kutwa nzima. Mjukuu wa aliyebeba mkuki akawa analipwa kwa hesabu ya majani aliyoyakata.

Waliobaki nyumbani nao hawakukosa kazi ya makali. Kuna tumbaku ya Songea, na kahawa ya Umatengo, na ulanzi. Mgema wa ulanzi hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, kisha hulinyoa asubuhi na jioni ili utomvu uendelee kutona. Wasomaji wa visiwani watamfahamu mara moja, kwani ni ndugu wa mgema wa tembo la mnazi na kotama yake. Wote wawili wanajua kwamba makali butu huuponda mmea, na mmea uliopondwa hautoi kitu.

Pwani ilikuwa na chuma chake cha heshima, jambia, lililovaliwa kiunoni ili lionekane. Kisu cha mfukoni kina adabu iliyo kinyume cha hiyo. Hutolewa panapo haja, hukata chungwa au kamba, hufutwa, hukunjwa. Anayempa mwenzake kisu kilicho wazi humpa upande wa mpini. Akikikunja kwanza, ni bora zaidi. Adabu hiyo inasimama juu ya kuaminiana, na kuaminiana kunaweza kupungua. Baada ya mashambulizi ya Marekani ya tarehe 11 Septemba 2001, hata kisu kidogo cha kumenyea matunda kilipigwa marufuku ndani ya ndege, na msafiri akafunzwa kumtazama jirani yake kwa shaka.

Kila tarehe 27 Februari mashujaa wa Maji Maji hukumbukwa Songea, katika viwanja vya makumbusho yao Mahenge. Hapo ndipo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Novemba 2023 kuomba msamaha. Macho ya mgeni huvutwa kwanza na mikuki na ngao, na hapana ubaya, kwa kuwa damu iliyomwagika yataka kutajwa. Lakini waliosalia baada ya kitanzi na njaa waliijenga upya nchi kwa jembe na kwa makali madogo yasiyotungiwa sifa. Taifa likumbukalo mikuki yake peke yake hujua namna lilivyokufa kishujaa, lisijue namna lilivyoishi.