Kasi si kigezo pekee katika uteuzi wa mota ya gari la rimoti

MOTA ndiyo moyo wa gari dogo la umeme linaloendeshwa kwa rimoti. Hata hivyo, wanunuzi wengi wa kifaa hiki huvutiwa na jambo moja tu miongoni mwa mengi yaliyochapishwa kwenye kasha, nalo ni kasi.

Aghalabu matokeo huwa ya kusikitisha. Gari hutimka kwa dakika chache, kisha harufu ya waya ulioungua hutanda na pesa zikawa zimepotea. Pengine mota yenyewe haikuwa mbovu. Kosa ni kwamba ilitwikwa kazi isiyoiweza.

Mwenye busara huanza na kazi, ndipo aijie mota. Hujiuliza kwanza gari lake lina uzito gani, litapita katika ardhi ya aina gani, na magurudumu yake yana kipenyo gani. Akishapata majibu hayo, ndipo suala la kasi linapoingia.

Mchezo huu una asili ya mbali. Mnamo 1898, mvumbuzi Nikola Tesla aliwaduwaza watazamaji jijini New York, Marekani, alipoendesha mashua ndogo kwa mawimbi ya redio. Kuhusu magari, kampuni ya Tamiya ya mjini Shizuoka, Japani, ilitoa gari lake la kwanza la aina hii mnamo 1976, likiwa limeigwa kutokana na Porsche 934.

Ukubwa na aina

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba mota inaenea mahali pake. Magari mengi ya kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja kwa kumi ya gari halisi, hutumia mota ya ukubwa unaoitwa 540. Mota hiyo ina kipenyo cha takriban milimita 36 na urefu wa takriban milimita 50. Magari madogo zaidi hutumia ukubwa wa 380, wenye kipenyo cha milimita 28 hivi.

Hatua ya pili ni kuchagua baina ya mota yenye brashi na isiyo na brashi. Katika ile ya kwanza, vipande vya kaboni husugua sehemu inayozunguka ili kupitisha umeme. Mota hiyo ni ya bei nafuu na kidhibiti chake cha mwendo ni sahili, lakini brashi huchakaa kadiri inavyotumika.

Katika mota isiyo na brashi, sumaku ndizo zinazozunguka ilhali waya wa shaba umetulia. Umeme hupitia nyaya tatu, na kidhibiti ndicho kinachoupokeza kutoka waya mmoja hadi mwingine. Mota hii hudumu zaidi na hupoteza nishati kidogo, lakini haiwezi kuendeshwa kwa kidhibiti kilichoundiwa mota ya brashi pekee.

Baadhi ya mota hizi huwa na vihisio vinavyokiarifu kidhibiti mahali sumaku ilipo. Mota isiyo na vihisio yaweza kushtukashtuka inapoanza kwenda polepole. Kwa gari la mashindano ya kasi hilo si tatizo kubwa, lakini kwa gari la kupanda miamba ni dosari inayokera.

Maana ya tarakimu

Mota nyingi za brashi huainishwa kwa idadi ya misokoto ya waya. Misokoto ikiwa michache, mota huenda kasi zaidi na hufyonza umeme mwingi. Ikiwa mingi, mwendo hupungua na joto huwa rahisi kudhibiti. Mota ya misokoto 27 huwafaa wanaojifunza, nayo ya misokoto 35 au 55 huteuliwa kwa magari ya kupanda miamba.

Mota zisizo na brashi aghalabu huandikwa KV. Herufi hizo zisidhaniwe kuwa kilovolti. Huonyesha idadi ya mizunguko kwa dakika ambayo mota hufanya kwa kila volti moja ikiwa haijabeba mzigo. Mathalani, mota ya KV 3,500 ikipewa betri ya volti 7.4 itazunguka takriban mara 25,900 kwa dakika.

Hapa ndipo wengi hupotoka, wakidhani kwamba KV kubwa ni nguvu nyingi. Kwa kiwango kile kile cha ampea, mota ya KV 2,000 hutoa nguvu ya kuzungusha maradufu ya ile inayotolewa na mota ya KV 4,000. Kwa sababu hiyo, gari zito lenye magurudumu makubwa huhitaji KV ndogo na mota yenye mwili mkubwa.

Gia na magurudumu

Mota haisukumi ardhi moja kwa moja; kati yake na magurudumu kuna gia. Ikiwa mota iliyotajwa hapo juu inazunguka mara nane ili gurudumu lizunguke mara moja, magurudumu yatazunguka takriban mara 3,240 kwa dakika. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 8.5 lina mzingo wa sentimita 26.7. Kwa hesabu hiyo, gari litakwenda takriban kilomita 52 kwa saa, ingawa uzito na upinzani wa hewa huipunguza kasi hiyo.

Anayefunga magurudumu ya sentimita 10.5 bila kugusa gia huwa ameongeza mzigo wa mota kwa takriban asilimia 24. Atafurahia kasi kwenye lami, lakini kwenye murram yenye mwinamo, nyasi ndefu au mchanga wa ufuoni, mota italemewa.

Kinga yake ni kupunguza meno ya gia ndogo iliyo kwenye mota. Sehemu hiyo ni ya bei nafuu kuliko mota mpya.

Betri na kidhibiti

Betri pia ina usemi. Kila seli ya betri ya lithiamu polima huhesabiwa kuwa ya volti 3.7, ingawa hufikia 4.2 ikijaa. Kutoka seli mbili hadi tatu ni kupanda kutoka volti 7.4 hadi 11.1, yaani kuongeza mizunguko ya mota kwa nusu. Mota au kidhibiti kisichoidhinishwa kwa seli tatu chaweza kuharibika papo hapo.

Vilevile, betri lazima imudu kutoa ampea zinazohitajika. Betri ya ampea-saa 5 iliyoandikwa 20C hukusudiwa kutoa hadi ampea 100. Mota yenye uchu wa umeme ikiungwa na betri dhaifu, betri hupata joto, huvimba, na yaweza hata kuwaka moto. Betri iliyovimba haifai kutumiwa tena, na hakuna betri ya lithiamu inayopaswa kuachwa ikichajiwa bila mtu kuiangalia.

Joto ndilo hakimu

Baada ya hesabu zote, joto ndilo hutoa uamuzi wa mwisho. Ampea zikiongezeka maradufu, joto linalozalishwa katika waya huongezeka mara nne. Sumaku za kawaida za neodimiamu nazo huweza kupoteza sehemu ya nguvu zake daima zikipita nyuzi 80 za Selsiasi.

Kwa hivyo, mota mpya hujaribiwa kwa dakika tatu hadi tano katika ardhi ile ile itakayotumika, kisha gari husimamishwa na joto hupimwa kwa kipimajoto, si kwa kidole, kwani ganda la mota laweza kuunguza. Likikaribia nyuzi 80, gia ndogo zaidi hufungwa na jaribio hurudiwa. Hali isipobadilika, basi mota hiyo ni ndogo mno kwa gari hilo.

Anayeingia dukani akijua uzito wa gari lake, kipenyo cha magurudumu, uwiano wa gia, idadi ya seli na kikomo cha kidhibiti, hatakuwa na haja ya kubahatisha. Huenda akatoka na mota isiyo na kasi kubwa kuliko zote dukani, lakini itakayokuwa ingali ikizunguka msimu ujao.