Walimpenda Mlevi, Halafu Wakamnunulia

Leo ni mrefu kidogo, kwa hivyo kama una haraka rudi jioni ukiwa na chai.

Desemba 2023 nilikuwa nimelala kwa kochi nikipitisha video kwa simu, bando karibu iishe, nikakutana na mazishi. Kanisa la Katoliki, jeneza pale mbele, watu wamejaa mpaka nje. Wanamuziki wanaanza wimbo, halafu watu wanatoka kwa viti vyao na kuanza kucheza densi kwenye njia ya katikati, kanisa zima linapiga makofi. Kumbe mmoja wa waliokuwa wanacheza ni mjane mwenyewe, na mwingine ni dada ya marehemu. Kwetu ukifanya hivyo wazee watakuitia kikao kabla udongo wa kaburi haujakauka. Nikajiuliza, huyu marehemu alikuwa nani?

Alikuwa Shane MacGowan, mwimbaji wa bendi inaitwa The Pogues. Na kanisa lilikuwa Nenagh, mji mdogo kaunti ya Tipperary, Ayalandi. Rais wa nchi alikuwepo. Nick Cave alikuwepo na aliimba. Hii yote kwa mtu ambaye magazeti yalimwandika miaka arobaini kama mlevi mwenye meno yaliyooza.

Tangu siku hiyo sijatulia. Nimesikiliza albamu zote, nimesoma, nimewachosha marafiki zangu. Na kuna jambo moja kuhusu mapenzi ya mashabiki wa hii bendi linanisumbua, ndiyo maana naandika.

Tuanze na jina. Bendi ilianza 1982 mtaa wa King's Cross, London, ikijiita Pogue Mahone. Hayo ni maneno ya Kiayalandi yaliyoandikwa jinsi Mwingereza angeyasikia, na maana yake ni "nibusu matako". BBC wakawa wanapiga nyimbo zao bila habari, mpaka Waskoti wanaozungumza lugha ya karibu na hiyo wakalalamika. 1984 jina likakatwa, ikabaki The Pogues. Yaani waliishia kuitwa Mabusu na kila mtu akaridhika.

Shane mwenyewe alizaliwa siku ya Krismasi 1957, na alizaliwa Kent, Uingereza. Wazazi wake walikuwa Waayalandi, na miaka ya mwanzo alikaa na familia ya mama yake huko Tipperary, nyumba ya shambani ambapo watu walikuja usiku kuimba na kucheza. Mwenyewe alisimulia kwamba alianza kupewa pombe huko akiwa mtoto wa miaka mitano hivi. Baadaye akapata nafasi ya masomo Westminster, shule ya watoto wa wakubwa pale London, kwa sababu alikuwa anaandika vizuri sana. Wakamfukuza akiwa na dawa za kulevya. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na sababu hazikuwa hizo, Mama kama unasoma. Lakini najua ile hali ya kutoka langoni na begi, kila mtu nyumbani anaongea kwa sauti ya chini kama kuna msiba. Yeye alitoka akaingia kwa panki. 1976 alipigwa picha kwenye shoo ya The Clash sikio likitiririka damu, na picha ikatoka gazetini. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa umaarufu wake, kabla hata hajatoa wimbo.

Sasa walichofanya The Pogues ni hiki. Walichukua akodioni, ile wazee wetu wa mwomboko wanaijua vizuri, wakaongeza banjo na filimbi ya bati, halafu wakapiga nyimbo za mababu kwa kasi na hasira ya panki. Spider Stacy, mpiga filimbi, kuna nyimbo alikuwa anajigonga sinia ya bia kichwani kama chombo cha muziki. Si utani, tafuta video. Na wengi wao hawakuwa hata Waayalandi. James Fearnley wa akodioni na Jem Finer wa banjo ni Waingereza. Cait O'Riordan, dada aliyepiga besi, alizaliwa Nigeria. Ndiyo maana kuna wapigaji wa muziki wa asili huko Ayalandi waliowachukia mwanzoni, wakasema hawa watoto wa London wanaharibu urithi. Kisha 1987 The Dubliners, ambao walikuwa ndio wazee wenyewe wa hizo nyimbo, wakarekodi nao "The Irish Rover" na ikawa namba moja kwao Ayalandi. Kesi ikaisha.

Lakini ukitaka kuelewa mapenzi ya mashabiki, wacha kwanza wanabendi, angalia ni nani alikuwa amesimama pale chini ya jukwaa.

Ayalandi ni nchi ya watu wanaoondoka. Njaa kuu ya 1845 hadi 1852 iliua kama watu milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Hawakuacha kuondoka. Miaka ya 1980 kazi hazikuwepo, na katika nchi ya watu milioni tatu na nusu, walioondoka walizidi waliorudi kwa zaidi ya laki mbili katika muongo huo mmoja. Vijana wengi waliishia London. Wengi wa wanaume walienda mjengo. Walichimba mitaro, walibeba zege, walilala vyumba vya kukodi Kilburn na Camden, na jioni mahali pa kukutana na mtu anayejua kijiji chenu ni baa. Kanisa ni Jumapili tu. Baa iko wazi kila siku. Pombe ya hao watu haikuwa starehe, ndipo mahali walipata kazi, habari za nyumbani na mtu wa kuwaita kwa jina.

Na walikuwa wanaogopwa. Mabomu yalilipuka kwenye baa mbili za Birmingham Novemba 1974 na watu 21 wakafa. Baada ya hapo ikapitishwa sheria iliyowapa polisi nguvu ya kumzuia mtu hadi siku saba bila kumfungulia mashtaka, na waliokamatwa zaidi walikuwa Waayalandi. Wanaume sita walifungwa maisha kwa hayo mabomu, na hawakuwa wamefanya. Mtu akawa anajifunza kunyamaza kwa basi ili lafudhi yake isimponze.

Sasa fikiria wewe ni huyo mtu, umeshinda siku nzima ukinyamaza, halafu usiku unaingia ukumbini na unakuta jamaa ameshika glasi, meno yote yamepinda, anaimba kwa lafudhi yako kwa sauti ya juu kabisa. Hakuimba kuhusu wafalme wa zamani wala milima ya kijani. "The Old Main Drag" ni habari ya kijana aliyekuja London na kuishia kuuza mwili wake barabarani. "A Pair of Brown Eyes" ni mzee wa vita kwenye baa, akimwambia kijana mlevi aliyoyaona. "Thousands Are Sailing", hiyo iliandikwa na mpiga gita wao Philip Chevron, ni ya wale waliokwenda Marekani, wa zamani na wa juzi pamoja. Na albamu ya 1988 ilikuwa na wimbo kuhusu wale sita wa Birmingham, unaosema wazi kwamba hawana hatia. Mamlaka ya utangazaji Uingereza ikaupiga marufuku. Machi 1991 mahakama ikawaachilia huru hao wanaume, baada ya miaka 16 ndani. Bendi ya walevi ilisema ukweli miaka mitatu kabla ya majaji.

Kwa hivyo mtu akiniambia watu walipenda The Pogues kwa sababu ya ulevi, namwambia hujasikiliza. Walipendwa kwa sababu waliwachukua watu ambao London ilikuwa inawapita kama takataka na kuwaandikia nyimbo nzito kama za mashujaa, bila kuwasafisha kwanza. Mlevi alibaki mlevi na malaya alibaki malaya, na bado wimbo ulimheshimu.

Hapo ndipo shida yangu inaanza.

Ukishakuwa mtu anayewaimbia walevi vizuri hivyo, watu wanataka uwe mmoja wao, na uendelee kuwa. Kila baa aliyoingia Shane kulikuwa na mtu anamnunulia. Si kwa ubaya! Ilikuwa ni shukrani. Umefanya kazi ya mjengo wiki nzima, huyu jamaa ndiye aliyekuimbia, utampa nini zaidi ya kinywaji? Sasa zidisha hiyo shukrani kwa kila mji, kila usiku, miaka kumi.

Nina mjomba alikuwa anapiga gita kwenye baa moja kule nyumbani. Sijawahi kuona mtu amepewa pesa kidogo na pombe nyingi kiasi kile. Wateja walikuwa wanampenda kabisa, walimwita mwalimu. Alipoanza kutetemeka mikono walisema ni mtindo wake. Siku alipoamua kuacha, akawa anaomba soda, na watu walinuna, ati amebadilika, ameringa. Alirudi kunywa. Bado yuko hai, asante Mungu, lakini gita liliuzwa.

Kwa hivyo nikisoma hadithi za Shane zile mashabiki wanapenda kusimulia kwa kicheko, shoo aliyokosa, jukwaa aliloanguka, nacheka kidogo halafu kicheko kinakwama. Agosti 1991 bendi ilikuwa ziarani Japani, na wenzake wakamwita kwenye chumba cha hoteli wakamwambia basi, hawawezi tena. Fearnley ameandika hayo kwenye kitabu chake cha 2012. Shane hakupigana nao. Aliwaambia wamekuwa na subira sana naye, na akauliza mbona wamechelewa hivyo. Soma hiyo tena polepole. Mtu alikuwa anangoja kusimamishwa.

Na kuna Sinéad O'Connor. 1999 alimkuta rafiki yake Shane na heroini, akaita polisi. Ndiyo, polisi! Mashabiki wengine walimwona msaliti, na Shane mwenyewe alikasirika sana. Baadaye alisema amemshukuru, kwamba hiyo ndiyo ilimsaidia kuachana na hiyo dawa. Mimi nikihesabu waliompenda Shane MacGowan, Sinéad namweka mbele ya maelfu ya watu walioinua glasi. Lakini pia najua nisingethubutu kumfanyia mjomba wangu hivyo. Nilimletea chupa mwenyewe, Krismasi moja, nikiwa na miaka kumi na minane na pesa yangu ya kwanza ya video.

Nikitaja Krismasi sina budi kufika kwa ule wimbo. "Fairytale of New York" ulitoka 1987, Shane akiimba na Kirsty MacColl, na iliwachukua kama miaka miwili kuuandika yeye na Finer. Ulifika namba mbili Uingereza, Pet Shop Boys wakawazuia. Ni wimbo wa Krismasi unaoanzia kwenye seli ya walevi. Mwanaume na mwanamke waliokwenda Marekani na ndoto, wakagombana, wakatukanana matusi ambayo redio mpaka leo hazijui zifanye nini nayo. Na karibu na mwisho mwanamke anamlaumu kwa ndoto zake zilizopotea, naye anamjibu kwa upole ambao hukuutarajia kabisa kutoka kwa mtu kama yeye. Kirsty alikufa Desemba 2000 huko Mexico, boti ikimgonga baharini baada ya kumsukuma mwanawe pembeni. Tangu 2005 wimbo umekuwa ukirudi kwenye chati za Uingereza karibu kila Krismasi.

Bendi ilirudiana na Shane 2001 na ikapiga shoo hadi 2014. 2015 alianguka akavunjika nyonga, na miaka iliyobaki alikuwa kwa kiti cha magurudumu. Mashabiki walikuja tu. Siku yake ya miaka 60 ilisherehekewa Dublin Januari 2018 kwenye ukumbi mkubwa wa taifa, Rais akampa tuzo, wanamuziki wakapokezana kuimba nyimbo zake, yeye amekaa anawaangalia.

Alikufa tarehe 30 Novemba 2023, akiwa na miaka 65. Tarehe 8 Desemba jeneza lilipita barabara za Dublin kwa gari la kukokotwa na farasi, limefunikwa bendera, watu wamepanga foleni pande zote wanaimba. Halafu Nenagh, na ile densi. Nimerudia hiyo video mara nyingi kuliko ninavyoweza kukubali. Wimbo waliokuwa wanacheza ni ule ule wa seli ya walevi, uliimbwa na Glen Hansard na Lisa O'Neill, na mjane, Victoria Mary Clarke, anacheza kama mtu ambaye ameshalia yote nyumbani.

Kuna kitu niligundua juzi tu. Hiyo tarehe 8 Desemba ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Sinéad. Angekuwa anafikisha miaka 57, lakini alikuwa ametangulia Julai ya mwaka huo huo.

Wikendi naenda nyumbani. Nimemtafutia mjomba gita la mitumba, nyuzi mbili hazipo lakini mbao yake ni nzuri. Nitanunua soda pale njiani.