Ruhusa si zamu: historia fupi ya kufunga faili

Wadau, leo tuangalie kitu kinachosumbua ofisi nyingi: faili kwenye folda ya pamoja.

Tuanze na chai. KTDA ilipoundwa mwaka 1964 kuhudumia wakulima wadogo, kilo za majani ziliandikwa kwa mkono. Kwa mkulima wa Kericho au Bomet, kilo hizo ndizo malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka. Daftari lilijilinda lenyewe: liko moja, na anayeandika ndiye amelishika. Mwingine angoje.

Faili ya kompyuta haina tabia hiyo. Makarani wawili wakifungua orodha moja ya kilo pasipo kufuli, kila mmoja anabaki na nakala kwenye mashine yake. Wa kwanza anahifadhi saa nne, wa pili saa nne na nusu. Kazi ya wa kwanza imefutika, bila onyo.

Wengi hudhani dawa ni ruhusa. Historia inakataa. Miaka ya 1960 huko MIT, Marekani, wasimamizi wawili wa mfumo wa CTSS, wote wakiwa na ruhusa kamili, walihariri kwa wakati mmoja: mmoja ujumbe wa siku, mwingine faili ya maneno ya siri. Programu yao ilitumia jina moja la faili ya muda. Faili zikabadilishana, na kila aliyeingia akaonyeshwa maneno ya siri ya watu wote!

Unix ya miaka ya 1970 iligawa ruhusa kwa mwenye faili, kikundi chake na wengine. Hilo linajibu swali la "nani?", si "zamu ya nani?". Zamu ilifika kwenye kompyuta za ofisini na MS-DOS 3.0, mwaka 1984, kupitia programu ya SHARE: anayefungua faili anatangaza kama wengine waweza kusoma au kuandika. Windows ikarithi. Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia, ikapeleka utaratibu huo kwenye seva za Unix na Linux.

Kwa hiyo Excel ikikuambia faili inatumiwa na mwenzako, usihifadhi nakala ya "kilo_mpya2". Hapo umezaa daftari la pili, na mkulima hajui ni lipi litakalomlipa. Ngoja afunge. Mkichoka kungojana, hamieni kwenye hifadhidata. Nyingi hufunga mstari mmoja tu, si daftari zima.