Kamba iliyokatika Bukoba: historia fupi ya kuvuta, kuinua na mikono yetu

Asubuhi ya Jumapili, 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 ilitumbukia Ziwa Victoria ikiwa inakaribia kutua Bukoba. Ndani kulikuwa na watu 43. Walionusurika ni 24, na waliowahi kufika kuwasaidia ni wavuvi na mitumbwi yao. Haya pengine unayajua, maana yalitangazwa dunia nzima. Ila kuna kipande kimoja cha kisa hiki ambacho nadhani tulikipita haraka mno: kamba.

Majaliwa Jackson, kijana mvuvi ambaye jina lake lilivuma siku zile, aliwasimulia waandishi wa habari akiwa kitandani hospitalini. Alisema rubani aliyekuwa bado hai alimwonesha kwa ishara mlango wa dharura wa chumba cha marubani. Majaliwa akachukua kamba, akaifunga kwenye ule mlango, boti zikaanza kuvuta. Kamba ikakatika, ikampiga usoni. Alipopata fahamu alikuwa hospitali. Marubani wote wawili walifariki. Yeye baadaye, kwa agizo la Rais Samia, alipewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Tulimsifu kwa ushujaa, na alistahili. Lakini kuhusu kamba wengi wetu tulisema tu "bahati mbaya" tukaendelea. Mimi neno hilo linanisumbua. Kamba inayokatika ikiwa imevutwa hufanya jambo lile lile kila mara, kwa sababu zinazojulikana, na mtu aliyesimama kwenye njia yake hupigwa. Na kabla ya kupiga uso, kamba, waya na mnyororo vimekuwa vikila vidole vya watu wa kazi kwa miaka mingi bila mwandishi wa habari kufika.

Tuanze na swali rahisi. Kwa nini kamba iliyokatika inaruka? Kwa nini isianguke tu chini?

Kamba inapovutwa inarefuka, kama mpira wa manati ila kidogo zaidi. Kurefuka huko ni akiba ya nguvu. Ikikatika, akiba yote inatoka kwa mpigo mmoja. Chukua kamba ya meta 20 inayovutwa kwa nguvu sawa na uzito wa tani 2. Kama ni kamba inayorefuka asilimia 10, imeongezeka meta 2, na akiba yake kwa hesabu ya haraka ni jouli 20,000. Kama inarefuka asilimia 30, imeongezeka meta 6, na akiba ni jouli 60,000. Hiyo ya pili ni sawa na gari dogo la kilo 1,200 likienda kilometa 36 kwa saa. Mzigo ni ule ule, wavutaji ni wale wale, lakini kipigo ni mara tatu. Kilichobadilika ni kamba imetengenezwa kwa kitu gani.

Na hapo ndipo historia yetu wenyewe inapoingia.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Mingi ilikufa njiani. Iliyofika hai ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo michache yalizaliwa mashamba ya Tanga na Morogoro, na kufikia mwaka 1964 Tanzania ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Kamba za meli, kamba za bandarini, kamba za kufungia mizigo, nyingi zilikuwa za katani. Kamba ya katani ina tabia zake. Hairefuki sana. Ikizidiwa inalalamika: unasikia nyuzi zinalia, unaona vinyweleo vinasimama. Mtu mwenye uzoefu anaiachia kabla haijafika mwisho.

Kisha ikaja nailoni. Wallace Carothers na wenzake waliibuni Marekani mwaka 1935 katika maabara za kampuni ya DuPont, na baada ya vita ya pili kamba za plastiki za kila aina zikaenea. Ni nyepesi, haziozi majini, na zina nguvu kuliko katani ya unene ule ule. Soko la mkonge likaporomoka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wetu haukufika hata tani 30,000. Watanzania tunaikumbuka habari hiyo kama habari ya uchumi. Lakini ilikuwa pia habari ya mikono. Kamba ya nailoni inarefuka sana, inaweka akiba kubwa, na inakatika karibu bila kulia. Kamba ilibadilika, namna ya kuishika na mahali pa kusimama havikubadilika.

Nenda leo kwenye mialo ya Muleba, wanakopakia mizigo ya visiwa vya Bumbire na Goziba, uangalie. Kamba ni za plastiki, za bluu, kijani au chungwa. Mtu anazungusha kamba kiganjani mara mbili ili isimteleze, kisha anavuta na wenzake kumi. Ukimuuliza atakwambia ndivyo inavyoshikwa, ndivyo baba yake alivyoshika. Na kweli, inasaidia. Shida ni hesabu iliyoko nyuma yake.

Mwanahisabati Leonhard Euler, karne ya 18, alionesha kwamba kamba ikizungushwa kwenye nguzo, msuguano hauongezeki kidogo kidogo, unazidishana kwa kila mzunguko. Kwa msuguano wa kawaida wa 0.3, mzunguko mmoja unamwezesha mtu kuzuia nguvu mara 6 na zaidi ya ile anayoishika. Mizunguko mitatu inafikisha karibu mara 280. Ndiyo maana mtu mmoja gatini anaweza kuzuia meli kwa kamba iliyozungushwa kwenye nguzo. Sasa fikiria nguzo ni kiganja chako. Mtumbwi ukipigwa na wimbi ukarudi nyuma, wewe ndiye unayebanwa, na huwezi kuachia hata ukitaka. Kamba inayoshikwa kwa kiganja kitupu itakuunguza ikiteleza. Iliyozungushwa inaondoka na vidole. Pete nayo ni hivyo hivyo: ikinasa kwenye kulabu au kwenye uzi wa waya, ngozi ya kidole inavuka kama soksi. Samahani kwa picha hiyo, lakini madaktari wa upasuaji wanaijua vizuri.

Tukija kwenye kuinua, Kagera ina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Meli kubwa za ziwa hili hazikuja zikielea. MV Victoria, iliyohudumia Bukoba na Kemondo kwa miongo mingi, ilijengwa Glasgow mwaka 1959, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa kwa meli na treni hadi Kisumu, ikaungwa upya, na kuanza safari mwaka 1961. Kila kipande cha chuma kiliinuliwa na kushushwa mara kadhaa, na kila mara kulikuwa na mkono wa mtu unaokielekeza kikae sawa.

Mkono huo ndio unaoumia. Watu wengi hudhani hatari ni mzigo kudondoka. Unadondoka, ndiyo, lakini vidole vingi hukatika mzigo ukiwa haujapanda hata sentimeta moja: pale mnyororo au waya unapoanza kukaza na mtu bado ameushikilia usiteleze kwenye kona ya mzigo. Mwendesha winchi anaona ulegevu unaisha, haoni kidole. Wakati wa pili ni kushusha, mtu anaposukuma kipande cha mbao chini ya mzigo kwa vidole badala ya kutumia fimbo.

Kuna pia pembe, jambo ambalo linawadanganya hata mafundi wazuri. Ukifunga injini ya kilo 1,000 kwa minyororo miwili inayokutana juu kwenye kulabu, huenda ukadhani kila mmoja unabeba kilo 500. Ni kweli kama inaning'inia wima. Ikilala hadi nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, kila mmoja unabeba kilo 580 hivi. Ikilala hadi nyuzi 30, kila mmoja unabeba kilo 1,000 kamili. Gereji yenye boriti fupi hulazimisha minyororo ilale hivyo, na mnyororo uliotosha jana leo unakatika fundi akiwa ameweka mkono juu yake.

Mambo haya wanaoandika sheria waliyajua zamani. Mwaka 1929 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba mfupi sana: mzigo wowote wa tani moja au zaidi unaosafirishwa kwa meli uandikwe uzito wake kwa nje. Uingereza, kwa sheria ya viwanda ya 1937, ikataka minyororo na kamba za kuinulia zikaguliwe kila miezi 6, na Tanganyika ikapata sheria yake ya viwanda mwaka 1950. Leo tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na wakala wake, OSHA. Mtazamo wangu ni kwamba sheria hizi zote zinamfikiria mwajiri mwenye geti na ofisi. Mwaloni kamba ni ya kuazima, na wavutaji ni waliokuwepo. Asubuhi ile ya 2022 hakukuwa na msimamizi wa kumwambia mtu asimame wapi.

Wala tusidhani wenye vifaa vya kisasa wamepona. Machi 2015, katika bandari ya Milford Haven huko Wales, kamba ya meli ya gesi iitwayo Zarga ilikatika ikamjeruhi vibaya kichwani ofisa wa meli. Kamba hiyo ilikuwa ya aina isiyorefuka, iliyoaminika kwamba hairuki. Lakini ilikuwa imeungwa na kipande kifupi kinachorefuka, na kipande hicho ndicho kilichoweka akiba. Hata michoro ya rangi kwenye sitaha ya kuonesha "hapa ni hatari" imekosolewa, kwa sababu iliwafanya watu waamini kwamba nje ya mstari ni salama.

Kwa hiyo ukijikuta mwaloni, au barabarani ya Muleba lori limekwama kwenye tope na watu wanaita "vuta!", angalia kamba inapita wapi na usiwe kwenye mstari wake, mbele wala nyuma. Aliyefunga fundo aondoke kabla injini haijanguruma. Shika kwa kiganja wazi, vua pete, mzigo unaoning'inia uongoze kwa kamba nyembamba, usiuguse. Na katikati ya kamba inayovuta, ning'iniza kitu kizito: haliondoi hatari yote, lakini kamba ikikatika uzito huo huivuta chini badala ya kuiacha iruke. Gunia la kahawa lililojazwa mchanga mbichi linafaa. Kagera magunia yapo, na mwaloni mchanga upo.